Kamba ya Nambua

Mradi wa mbuzi wa maziwa ulikuwa na sharti moja: jike atakayezaliwa kwanza apewe jirani anayefuata. Aliyefuata ni Nambua. Kamba ya katani aliisokota tangu mbuzi aliyepewa Lukindo alipopata mimba.

Siku ya makabidhiano alifika nayo mkononi, akakuta ngozi mbichi imeanikwa uani.

"Wageni wa mradi wamekuja wanane, shemeji," Lukindo alisema bila kumtazama. "Ningewapa mchicha?"

"Ukamchinja wangu."

"Mamaye anakamuliwa. Na mgeni hali maneno. Utapata wa mwakani."

Nambua alimfikiria mjukuu wake, ambaye zahanati ilimwandikia maziwa. Hakuwa mtoto wa kungoja mwakani.

Wageni walipomaliza kula, alipewa birika awanawishe. Ofisa wa mradi alikinga mikono, akatabasamu.

"Mama, leo ni zamu yako, siyo? Mbuzi wako yuko wapi, tukupige picha naye?"

Kamba ikiwa begani, Nambua aliendelea kummiminia maji, akiyatazama mafuta yakimtoka vidoleni na kupotelea mchangani, mpaka maji ya birika yakaisha.