Ufunguo wa Chumba cha Uani

Kipaza aligonga mlango wa chumba cha uani, akarudi nyuma haraka, akavuta barakoa hadi chini ya macho. Ndipo sinia likapita chini ya mlango, pale fundi alipokata ubao. Mkono haukugusa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya mlangoni siitoi," mama akajibu kutoka upande wa pili. "Nifungulie nikupe ya uso kwa uso."

Kipaza akaushika ufunguo ulioning'inia kifuani mwake kwa uzi wa kiatu. Hakuutoa.

Mtaa mzima ulimwita Kipaza, hata mama yake mzazi. Ugonjwa ulipoingia, ni yeye aliyepita vichochoroni na kipaza sauti akihimiza watu wajikinge. Wenzake waliwatisha watu kwa majeneza. Yeye alisema mtu aliyetishwa huziba masikio. Mpe hatua moja ndogo, ya pili ataiomba mwenyewe. Kulikuwa na mlevi aliyeapa kwamba yeye na maji hawasalimiani. Kipaza akamwambia anawe mkono mmoja tu, ule wa kushikia glasi. Haikupita wiki, jamaa ananawa yote miwili na kuigombeza baa nzima.

Baba alitembea nyuma yake, betri ya kipaza sauti begani, akijisifu kwa kila aliyesimama kusikiliza. "Huyo anayenguruma ni wangu!" Jioni baba na binti walirudi nyumbani, wakavua barakoa, wakala sinia moja. Nani anajitangazia nyumbani kwake?

Halafu baba akaanza kukohoa.

Tangu siku ya mazishi, mlango wa chumba cha uani haukufunguliwa tena. Humo mlikuwa na kitanda, bafu, na dirisha lililozibwa kwa mabango ya kampeni yaliyobaki. Jua lilikuwa limeshayageuza mapovu ya sabuni yaliyochorwa humo kuwa ya manjano. Kukiwa kimya, Kipaza alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka mbali barabarani, tunaweni mikono jamani, ikija, ikikaribia. Na nyuma yake, hatua chache tu, kikohozi.

Mmoja anatosha, alijiambia kila ilipopita. Wa pili simuui mimi.

"Umenawa, mama?"

"Nimenawa hadi mistari ya viganja imefutika. Mpiga ramli akinishika mkono atarudisha ada yangu."

"Na barakoa?"

"Barakoa ya nini? Ugonjwa umekwisha, Kipaza. Watu wameusahau hata jina."

"Ndivyo lisemavyo sikio la kufa. Niliwasikia wengi, mama. Ukipita wiki ya pili, unakuta wanachimbiwa."

Kipaza akamsikia mama akijishusha chini, magoti yakialika kama kuni kavu, mgongo ukiegemea mlango. Naye akakaa, akaegemea upande wake. Ubao mmoja, migongo miwili.

"Nimechoka kuongea na mbao," mama akasema taratibu. "Siku hizi nikiuota huu mlango, una sura yako."

"Vumilia."

"Nivumilie hadi lini? Baba yako hukumuua wewe. Alikufuata kwa miguu yake. Ningemfunga kamba, angeitafuna."

Barabarani kile kikohozi kilikuwa kinapita, polepole, kama mtu aliyelemewa na betri.

"Wewe una uzima wangu mkononi," mama akaendelea, "halafu umeufungia. Kwani mtu aliyezikwa na mtu aliyefungiwa wanatofautiana nini? Labda sinia tu."

"Angalau unanisikia, mama. Baba hanisikii."

Mama akavuta kamasi. Aliposema tena, sauti ilikuwa imegeuka, tamu kama ya mtu anayembembeleza mteja.

"Haya. Leo sikuombi ufungue. Ufunguo utie tu kwenye kitasa. Ukiona vibaya, chomoa."

Kipaza akacheka ndani ya barakoa bila kutaka. "Mama! Hiyo mbinu ni yangu."

"Uliipigia kelele mtaa mzima, ulidhani mimi kiziwi? Tia ufunguo."

Akasimama. Akaingiza ufunguo. Chuma kikagongana na chuma kama meno ya mwenye homa.

"Sasa geuza. Mlango uache vilevile. Mimi sisukumi."

"Uape."

"Haki ya Mungu, sisukumi."

Akageuza. Kitasa kilichoshika kutu kikalia, kikakataa, kikaachia. Kipaza akasubiri, pumzi ameibana. Mama alitimiza ahadi, hakusukuma. Lakini hata kusema hakusema.

"Mama?"

Kimya.

"Mama, usinifanyie hivyo. Kohoa basi, niseme uko hai."

Hakuna. Pumzi yake pekee ndiyo iliyorudi ndani ya barakoa, ya moto. Akafikiria sura ya baba siku ile ya mwisho, akasahau hatua zote ndogo alizowahi kuwafundisha watu. Akakamata mlango kwa mikono miwili, akauvuta.

Jua likamwagikia ndani, juu ya kitanda chake Kipaza, juu ya barakoa zake zilizoanikwa kwenye kamba, juu ya nywele zake zilizosokotana hadi mabegani bila kuonwa na mtu. Uani alisimama mama, kapu la sokoni miguuni, viganja vyote viwili vimeziba mdomo ili kilio kisitoke. Na nyuma yake, barabarani, watu walipita wakisukumana na kutaniana, nyuso wazi, kama walivyokuwa wakipita muda wote huo.