Kijicho cha Konokono

Zamani, wanyama walipokuwa wakishitakiana, Bata alimpeleka Konokono kwa Kanga, mwamuzi wa bondeni.

"Ana kijicho huyu! Kila apitapo, mayai yangu huwa viza. Afukuzwe!"

Konokono alijikunja gandani. Akifukuzwa hadi nyikani, jua lingemkausha.

"Akipita, wewe hufanya nini, mama?" Kanga aliuliza.

"Humsindikiza hadi kwenye matete, asije akageuka nyuma!"

"Konokono huyu? Si mtafika jioni! Na mayai anayalalia nani? Safari hii apite, nawe usiinuke."

Konokono alipita kila siku. Bata alibaki kiotani akinung'unika. Siku zilipotimia, vifaranga walitoka wote.

Bata aliinuka kiotani. Alimchumia Konokono jani bichi la mchicha, naye, aliyekosa hamu ya kula tangu ashitakiwe, akalimaliza lote.