Cheti cha Upande wa Pili

Mara ya kumi na tisa, na alama ilikuwa ile ile nyekundu: cheti cha upande wa pili hakikubaliki.

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la vioo. Kazini walimwita Kijani, maana hakuwahi kutoka kwenye chumba kabla alama haijageuka rangi. Jina hilo alilipenda. Leo lilimwasha kama upupu.

"Bado, mwanangu?" aliuliza mama wa masijala kutoka meza ya pili.

"Bado, mama."

Mama alirudi kwenye rundo lake la fomu, akawa anaandika mstari, anatazama mlango, anaandika mstari. Nyuma ya mlango huo, wodi ya wanaume, kitanda cha tatu, alilala mumewe na moyo unaopiga kwa kusuasua. Hospitali kubwa ilimwekea nafasi ya upasuaji kesho asubuhi. Kilichobaki ni faili lake lifike huko kwa mtandao kabla ya saa kumi jioni. Likichelewa, nafasi anapewa anayefuata, na nyingine ni baada ya majuma sita. Daktari alikuwa amezungumzia majuma mawili, tena kwa sauti ya chini.

Ilikuwa saa tisa na nusu.

Kazi yenyewe haikuwa ngeni. Kabla mashine mbili hazijapeana siri za wagonjwa, kila moja huionyesha nyingine cheti, kama mtu na kitambulisho chake getini. Kompyuta hii, ya pekee pale zahanati, ilikuwa inakikataa cheti cha hospitali kubwa. Fundi alikuwa amebadilisha kila mpangilio aliokuwa anaujua. Alikuwa amefuta funguo akaziweka upya. Alikuwa amesoma anwani herufi kwa herufi, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akapiga simu.

"Kaka, cheti chenu kibovu."

"Kibovu kivipi? Kipya hicho, tumekitoa jana mchana," alijibu fundi wa upande wa pili. "Zahanati arobaini zinaingia tangu asubuhi, hakuna aliyelia. Jikague mwenyewe."

"Hii kazi naifanya mwaka wa tisa sasa."

"Basi kagua kwa miaka yote tisa."

Fundi alimeza mate, na kiburi kikashuka nayo. "Nikutumie faili kwa barua pepe basi. Nikusomee hata kwa simu. Mgonjwa yupo hapa, nyuma ya ukuta."

"Ndugu yangu, vitanda sigawi mimi. Unagawa mfumo, na wenyewe hausikii simu. Ningekuwa na uwezo..."

Alipogeuka, mama wa masijala alikuwa amesimama nyuma yake.

"Si uuzime tu huo ukaguzi? Dakika moja, faili lipite."

"Umefungwa kutoka makao makuu, mama. Ufunguo sina."

"Tumia simu yako."

"Kitambulisho cha zahanati kimo ndani ya mashine hii tu. Simu yangu wataiona mwizi."

Mama aliipapasa kompyuta mgongoni, kama anayembembeleza ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. "Hii haijawahi kunisumbua. Mpaka jana asubuhi ilikuwa inatuma vizuri. Mzee wangu husema naijua kuliko ninavyomjua yeye."

Printa ikakohoa karatasi moja. Mama aliidaka haraka, akailaza kifudifudi mezani.

Saa kumi kasoro kumi. Nyekundu. Saa kumi kasoro tano. Nyekundu. Vidole vya fundi vilikuwa vimelowa, vikiteleza kwenye vitufe. Kutoka wodini alisikika mtu akikohoa, na mama akasikiliza, akatikisa kichwa, hakuwa mumewe.

Saa kumi na dakika mbili simu ya fundi ikatetemeka. Ujumbe mfupi: Nafasi imekwenda. Pole, kaka.

"Imekwenda, mama," alisema.

Mama aliketi. Hakulia. Alitafuta kalamu kwa mkono kama mtu gizani, akaipata, akaendelea kuandika pale alipoishia.

Fundi hakuwa na la kufanya, ila lile ambalo kazi inadai: kuandika kwenye daftari siku na saa aliposhindwa. Saa aliitazama pembeni mwa kioo cha kompyuta, akaiandika. Tarehe aliitazama hapo hapo. Thelathini na moja. Kalamu ikasimama. Mwezi wa siku hiyo ulikuwa umekwisha. Leo ilikuwa tarehe tatu.

"Mama," alisema taratibu, "hii tarehe..."

Mama alikuja, akachungulia mlangoni, akashusha sauti.

"Usinisemee kwa bosi, mwanangu. Niliirudisha mimi, juzi. Siku tatu tu, saa sikuigusa. Ripoti ya mwezi ilinishinda, nilikuwa namuuguza mzee usiku na mchana, nikasema angalau ionekane imewahi. Zimebaki kurasa mbili, nikizimaliza naiweka sawa."

Cheti kilitolewa jana mchana, na kabla ya hapo hakina nguvu. Kwa mashine hii, jana ilikuwa haijafika.

Fundi aliiweka tarehe sawa. Akabonyeza, mara moja tu. Alama ikawa kijani.

Mama aliinama juu ya bega lake, kalamu bado mkononi, akaitazama rangi ile kwa muda mrefu.

"Kumbe wamerekebisha," alisema. "Kwa hiyo kosa lilikuwa lao?"

"Lao, mama," alisema Kijani.