Sindano Kwenye Tenga la Maganda

Apa kwanza hutamwambia mtu. Hata aliyeniambia mimi aliapa.

Sokoni kwa wanyama, takataka zenye ncha zilitiwa koponi, na maganda ya vyakula tengani, ale Bi Ngiri. Lakini sindano zilimchoma ulimi mara mbili, akaogopa kula, akakonda.

"Ni Nungunungu huyo, mwili mzima sindano," alisema Kima, fundi cherehani, bingwa wa kuwahubiria wenzake usafi.

Bi Ngiri alimpenda Nungunungu, hakuamini. Asubuhi akajifukia ndani ya maganda. Ukaingia mkono wenye sindano zilizovunjika. Akaubana kwa kwato, akapiga mguno ulioleta soko zima.

"Marahaba, mwanangu," alimwambia Kima. "Mkono nimeupokea, lakini kopo liko hatua kumi tu."

Kima alivuta. Mkono haukutoka, na Nungunungu alikuwa amesimama mbele ya wote, akitazama.