Shikamoo ya Pacha

Ko, ko, ko. Kulwa alikuwa akinawa grisi aliposikia mkongojo ukigonga sakafu nyuma yake. Kwa adabu aliyolelewa nayo akasema bila kugeuka, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu!" Kicheko kikafuata. "Yaani siku hizi unaniamkia, Kulwa?"

Kulwa aligeuka. Alikuwa Doto, pacha wake, mvi kichwa kizima, mgongo umepinda.

Shinyanga nzima iliujua Mkunjo, sanamu ya chuma kubwa kuliko uwanja wa mpira, iliyoundwa kuonyesha jinsi uzito unavyopinda wakati. Nayo iliupinda kweli. Zamu moja ya kusugua kutu ndani yake ilikuwa mwaka mzima huku nje. Kulwa aliipenda kazi ile kama wengine wanavyopenda watoto; hakuna aliyekisugua chuma kikang'aa kama yeye.

"Nimekuletea michembe," Doto alisema, akimpa kifurushi cha viazi vikavu. "Daktari amesema mwaka huu siumalizi. Iache zamu ya leo, pacha wangu. Twende nyumbani tukakae."

King'ora cha zamu kililia. Kulwa aliutazama mlango wa Mkunjo, kisha uso wa Doto, kisha mlango tena.

"Imebaki pembe moja tu. Nikiiacha, kutu itaila."

"Kulwa."

"Nenda ukapumzike," alisema huku akivaa glavu, akitabasamu. "Jioni hii hii nitakuja, Doto. Nakuahidi. Tutakula wote."