Mawe Mawili ya Pimbi

Zamani, wanyama walipokuwa wakisomea jabalini, Nyani aliwafundisha kwamba jiwe zito huanguka upesi kuliko jepesi. Kobe alilikariri somo hilo miaka sitini bila kuuliza.

Siku moja Pimbi akapanda kileleni na mawe mawili, kubwa na dogo. "Mwalimu, niyaachie tuhakikishe?"

"Ukikosea, unahama jabali hili!" Nyani akafoka. Akawageukia wanafunzi. "Nanyi fumbeni macho. Maneno ya mababu hayakaguliwi."

Kobe akafumba macho kama wenzake. Pimbi akayaachia mawe yote kwa pamoja.

Pu! Kishindo kimoja tu.

"Zito limetangulia," Nyani akatangaza haraka.

Kobe akatoa kichwa taratibu. "Mwalimu, macho tumefumba. Masikio hukutuambia tuzibe."