Mtani Aliyeomba Dirisha

"Fungua dirisha, mtani, nakuomba," alisema fundi Adinani, amepiga magoti nyuma ya jokofu jipya la maabara.

Mzee Lugembe, mkuu wa maabara ya kupimia asali, hata shingo hakugeuza. Madirisha yake yote alikuwa ameyaziba kwa selotepu. "Nyuki wakiinusa asali humu, utawafukuza wewe? Mzaramo gani anaogopa joto?"

Hapo ndipo palipomuudhi fundi. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara, basi tangu ashuke Tabora kulitia gesi jokofu hilo hakuna aliyemsikiliza. Alipoeleza kwamba gesi ya jokofu ikivuja kwenye chumba kilichozibwa inafukuza hewa, na mtu analala asiamke, walicheka. Alipoomba mchanga, mafuta ya mashine yakidondoka yafunikwe, Hafsa, mpimaji wa asali, alimwambia vigae vipya si ufukwe wa kwao.

"Nina watoto Kisarawe," alisema Adinani. "Sitaki kufia kwenye asali yenu."

"Ukifa tutakula ubwabwa," Lugembe alimjibu. "Maliza leo, au naita fundi wa Igunga."

Na kazi aliitaka, nani asiyetaka kazi siku hizi? Akarudi nyuma ya jokofu na spana yake, amenuna.

Mara kikasikika kishindo. Hafsa akachungulia. Fundi alikuwa chali, mdomo wazi, na mafuta yanatambaa kwenye vigae kuelekea viatu vya Lugembe.

"Gesi hiyo," alisema Hafsa, akaziba pua kwa mtandio.

"Amka, mtani, acha mchezo." Lugembe alimtikisa. Kimya. Akamtikisa tena, kimya vilevile, na hapo mzee wa watu akachanganyikiwa. Alibandua selotepu kwa kucha, akafungua madirisha yote na mlango wa nyuma, akaburuta feni mpaka kizingitini. Hafsa alikuja mbio na ndoo ya mchanga, akayafunika mafuta yote. Nyuki waliingia kundi zima, na hakuna aliyewajali.

"Nilikuwa natania tu, mtani wangu," Lugembe alilia, machozi ya kweli kabisa. "Watoto wako nitawaambia nini mimi?"

Upepo ukapita chumba kizima. Adinani akafumbua jicho moja, akatazama madirisha, akainuka na kujikung'uta suruali.

"Haya, sasa kazi inaweza kuanza," alisema. "Mtungi wa gesi bado uko kwenye gari, nani ananisaidia kuushusha?"